Gawio Linaporudi Kazini: Somo kwa Mwekezaji wa Muda Mrefu

Kampuni nyingi zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hufunga hesabu zake mwezi Desemba na kuitisha mikutano mikuu ya wanahisa kabla au katikati ya mwaka unaofuata. Baada ya mikutano hiyo, fedha huingia kimyakimya katika akaunti za benki na simu za wanahisa. Kwa mwenye hisa nyingi, hiyo ni habari ya kushangiliwa. Kwa mwenye hisa mia mbili au mia tano, ambaye ndiye hasa tunayemwandikia, aghalabu huwa ni kiasi kisichotosha hata kununua mfuko wa saruji. Basi hujichanganya na fedha nyingine za matumizi, na baada ya siku chache mwenyewe hawezi kueleza kilinunua nini.

Hatuna nia ya kumlaumu. Gawio ni mali halali ya mwanahisa, naye ana haki ya kulitumia apendavyo. Tunachopenda ni ajue bei kamili ya uamuzi huo, kwa kuwa bei hiyo haionekani mwaka uamuzi unapofanyika. Huonekana baada ya miaka kumi na tano au ishirini, na wakati huo miaka iliyopita hairudi.

Gawio ni nini, na si nini

Gawio ni sehemu ya faida ambayo wanahisa, kwa mapendekezo ya bodi ya wakurugenzi, wanaamua kujigawia badala ya kuiacha ndani ya kampuni. Anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la wanahisa siku daftari hilo linapofungwa, hata kama atauza hisa zake kesho yake. Gawio likilipwa na kampuni iliyoorodheshwa sokoni, mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5; kwa kampuni isiyoorodheshwa kiwango ni asilimia 10. Kodi hiyo hukatwa kabla fedha hazijamfikia mwanahisa, kwa hiyo kuzirudisha sokoni hakumwondolei mtu kodi. Kinachoweza kuwekezwa upya ni kile kilichobaki baada ya makato.

Wapo wanaolichukulia gawio kuwa zawadi iliyowekwa juu ya bei ya hisa. Sivyo. Kampuni iliyokuwa na shilingi kumi mfukoni ikatoa moja, imebaki na tisa. Ndiyo maana, katika soko lenye wanunuzi na wauzaji wa kutosha, bei ya hisa huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio pale hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo. Jambo hili ndilo msingi wa somo letu. Anayelitumia gawio anapokea kipande cha mali yake na kukiondoa. Anayelirudisha anakiunganisha tena na kilichobaki, ili mwaka ujao faida ihesabiwe juu ya mali nzima.

Mfano wa kaka na dada

Tuchukue ndugu wawili wa nyumba moja ambao, siku moja, kila mmoja amenunua hisa 1,000 za kampuni ileile kwa shilingi 1,000 kila hisa. Kila mmoja ametoa shilingi 1,000,000 na hataongeza tena senti kutoka mfukoni. Tuchukulie kwamba bei ya hisa inapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, na kwamba kampuni inalipa gawio la asilimia 6 ya bei ya wakati huo. Kodi ya zuio ni asilimia 5 ya gawio, na gharama za kununua hisa, yaani ada ya dalali na tozo nyingine, tumezikadiria kuwa asilimia 2. Haya ni makadirio ya kufundishia tu. Hakuna kampuni inayokwenda kwa mstari ulionyooka namna hii, na gharama halisi ni juu ya msomaji kumuuliza dalali wake.

Kaka anatumia gawio lake kila mwaka. Dada ananunua hisa nyingine za kampuni hiyohiyo.

Mwaka wa kwanza bei imefika shilingi 1,050 na gawio ni shilingi 63 kwa hisa. Baada ya kodi kila mmoja anapokea shilingi 59,850. Kaka anaziweka mfukoni. Dada anakwenda kwa dalali, na kwa kuwa kila hisa inamgharimu shilingi 1,071 pamoja na ada, anapata hisa 55 na kubakiwa na shilingi 945 za kusubiri mwaka ujao. Tukipiga hesabu siku hiyo, dada yuko nyuma ya kaka yake kwa zaidi kidogo ya shilingi 1,100, ambazo ni gharama za ununuzi. Tumeona ni vema kulisema hili waziwazi, kwa sababu vipeperushi vingi vya uwekezaji huliruka.

Baada ya miaka mitano, dada ana hisa zipatazo 1,312 zenye thamani ya takriban shilingi 1,675,000. Kaka bado ana hisa zake 1,000, na tukijumlisha thamani yake na magawio yote aliyopokea tunapata takriban shilingi 1,607,000. Tofauti ni shilingi 68,000 kwa miaka mitano ya kujinyima. Mtu akimwambia dada kwamba anajisumbua bure, hatakuwa na neno kubwa la kumjibu.

Baada ya miaka kumi, dada amefika shilingi 2,806,000. Kaka, pamoja na magawio yake, shilingi 2,382,000. Tofauti sasa ni 424,000.

Baada ya miaka ishirini, dada ana hisa zipatazo 2,967, na bei ya hisa ni shilingi 2,653. Mali yake ni takriban shilingi 7,870,000. Kaka ana hisa 1,000 zenye thamani ya shilingi 2,653,000, na kwa miaka yote hiyo amepokea magawio ya jumla ya shilingi 1,979,000; vyote pamoja ni shilingi 4,632,000. Tofauti imefika shilingi 3,240,000 hivi. Zaidi ya shilingi milioni 2.8 kati ya hizo zimepatikana katika nusu ya pili ya safari.

Tazama pia gawio lenyewe. Katika mwaka huo wa ishirini, kaka anapokea takriban shilingi 151,000 baada ya kodi. Dada anapokea karibu shilingi 425,000. Kama sasa dada ataamua kuacha kununua na kuanza kutumia, kama kaka yake alivyofanya tangu mwanzo, chemchemi anayochota ni karibu mara tatu ya ile ya kaka, ilhali walianza na ndoo moja.

Fedha hii ya ziada imetoka wapi? Kwanza, hisa 55 za mwaka wa kwanza nazo zililipa gawio mwaka wa pili, gawio hilo likanunua hisa nyingine, nazo zikalipa gawio mwaka wa tatu. Pili, kila hisa iliyoongezwa ilipanda bei pamoja na zile za mwanzo. Katika mfano wetu idadi ya hisa za dada inaongezeka kwa takriban asilimia 5.6 kila mwaka. Iko njia ya haraka ya kukadiria muda wa kitu kuwa maradufu: gawanya 72 kwa asilimia ya ukuaji. Hapa tunapata karibu miaka 13. Yaani hata kama bei ingesimama palepale kwa miaka 13, huku gawio likiendelea kulipwa kwa kiwango hicho, dada angekuwa na hisa maradufu.

Hatusemi kwamba fedha za kaka zimepotea. Huenda zilinunua sare za shule au zikaziba paa linalovuja, na hakuna jedwali linaloweza kupima hayo. Lakini kama zilikwenda bila yeye kujua zilikokwenda, basi amelipa shilingi milioni tatu na ushee kwa kitu asichoweza kukitaja.

Mazoea ya kuvunja na kuanza upya

Wananchi wengi wamejifunza kuweka akiba kupitia vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi hivyo vimeleta faida kubwa vijijini na mijini. Hata hivyo vina desturi moja ambayo mwekezaji wa hisa anapaswa kuiacha mlangoni. Katika vikundi vingi, mwisho wa mzunguko sanduku hufunguliwa, kila mwanachama akachukua akiba yake na sehemu yake ya faida, na mzunguko mpya ukaanza kutoka sifuri au karibu na sifuri. Utaratibu huo una sababu zake nzuri: unajenga uaminifu na unapunguza hatari ya fedha nyingi kukaa mahali pamoja. Lakini faida haipati nafasi ya kuzaa faida nyingine. Kila mwaka ni mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza, kama tulivyoona kwa dada, ndio ulio dhaifu kuliko yote.

Mwanachama wa SACCOS yuko karibu zaidi na somo letu. Pale ambapo mkutano mkuu unatangaza gawio la hisa na riba ya akiba, uliza kama chama chako kinaruhusu gawio liongezwe moja kwa moja kwenye hisa zako. Vipo vyama vinavyoruhusu, na wanachama wasiojaza fomu kwa sababu tu hawakuuliza.

Namna ya kulirudisha gawio katika soko letu

Katika masoko makubwa kama ya Marekani, mwekezaji anaweza kuweka agizo moja tu, na kila gawio likigeuka hisa bila yeye kugusa kitu. Kwetu, kwa kawaida gawio hulipwa taslimu kwa mwanahisa, na kulirudisha ni tendo analopaswa kulifanya mwenyewe kila mara, kupitia dalali aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au kwa njia ya simu. Hapa ndipo nia njema nyingi hufia. Tunashauri gawio lilipwe katika akaunti tofauti na ile ya matumizi ya kila siku. Kinachopita mbele ya macho kila asubuhi ni kigumu kukiacha.

Jambo la pili ni gharama. Mfano wetu ulitumia asilimia 2, lakini baadhi ya madalali hutoza kiwango cha chini kwa kila muamala hata kama ununuzi ni mdogo. Mwenye gawio la shilingi 12,000 akitozwa ada ya shilingi 5,000 amepoteza karibu nusu ya gawio kabla ya kununua hisa hata moja. Huyo afadhali akusanye magawio ya miaka miwili, au aongeze akiba nyingine kidogo, kisha anunue kwa mkupuo.

La tatu ni ukwasi. Zipo hisa katika soko letu ambazo huweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa wala kununuliwa. Agizo lako la kununua hisa 55 laweza kusubiri. Weka bei unayokubali, usubiri, na usikubali kuharakishwa kupandisha bei ili tu ununuzi ukamilike siku hiyo.

Kwa asiyetaka shughuli hizo, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Katika mfuko wa kukuza mtaji, magawio na riba zinazopatikana hubaki ndani, msimamizi wa mfuko akaziwekeza upya, na mwekezaji huona matokeo katika kupanda kwa thamani ya kipande. Mifuko mingine, kama Mfuko wa Jikimu unaosimamiwa na UTT AMIS, ililengwa wale wanaohitaji kipato cha mara kwa mara. Kuutaja hapa si kuupendekeza. Tunamtahadharisha tu msomaji asome waraka wa mfuko kabla ya kuingia, kwa maana wapo wanaochagua mpango wa kupokea mapato huku wakitarajia ukuaji wa ule mwingine, na miaka inapita kabla hawajagundua.

Gawio lisilofika haliwezi kufanya kazi yoyote

Soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. Aliyenunua hisa mwaka huo na kuzitunza amekuwa mwanahisa kwa zaidi ya robo karne. Katika muda kama huo watu huhama, hubadilisha benki na namba za simu, hata kufariki bila warithi kujua kwamba hisa zipo. Gawio la mtu wa namna hiyo hubaki bila kudaiwa. Msomaji aliyekuwa akijiuliza kama alirudishe gawio lake sokoni, aanze kwa kuhakikisha kwamba linamfikia: taarifa zake za benki na simu katika akaunti ya hisa ziwe za sasa, na mtu mmoja wa karibu ajue hisa zilipo.

Wakati ambapo hatushauri

Mwenye deni la riba kubwa alipe deni kwanza. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kama ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibandika jina la kausha damu, unadai riba ya shilingi 50,000 kila mwezi. Gawio zima la dada la mwaka wa kwanza lingemezwa katika miezi miwili. Hakuna hisa inayoweza kushindana na hilo. Vivyo hivyo asiye na akiba ya dharura, kwa sababu ugonjwa wa ghafla utamlazimisha kuuza hisa kwa bei yoyote itakayopatikana siku hiyo.

Mstaafu anayeishi kwa magawio yake naye hana sababu ya kujinyima. Amefika mahali ambapo dada anakwenda.

Yupo pia anayeirudishia fedha kampuni inayodhoofika. Bei ikishuka, gawio hununua hisa nyingi zaidi: zile shilingi 59,850 za dada zingenunua hisa 73 kama bei ingekuwa shilingi 800. Kwa kampuni imara hiyo ni nafasi njema. Kwa kampuni ambayo faida yake inapungua mwaka hadi mwaka, ni kuteka maji kwa pakacha. Kiwango kikubwa cha gawio kisikupumbaze. Wakati mwingine huonekana kikubwa kwa sababu bei imeanguka, au kwa sababu kampuni inalipa zaidi ya faida iliyopata. Soma taarifa ya fedha ya mwaka, linganisha gawio na faida kwa kila hisa, kisha amua. Wala si lazima gawio la kampuni moja lirudi kwa kampuni hiyohiyo. Laweza kununua hisa za kampuni nyingine, vipande vya mfuko au, likishakusanyika vya kutosha, hatifungani ya serikali. Atakayerudisha yote mahali pamoja kwa miaka ishirini atakuwa ameiweka sehemu kubwa ya mali yake mikononi mwa bodi moja ya wakurugenzi.

Tusisahau mfumuko wa bei. Bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 3.5 kila mwaka, baada ya miaka ishirini zitakuwa karibu maradufu. Shilingi 7,870,000 za dada zitanunua takriban kile ambacho shilingi milioni 4 zinanunua leo. Bado ni mara nne ya alichotoa, lakini si karibu mara nane kama tarakimu tupu zinavyodai. Kwa kaka, hisa zake zitakuwa na uwezo wa kununua wa shilingi milioni 1.3 hivi za leo.

Zoezi

Una hisa 400 za kampuni iliyoorodheshwa. Gawio ni shilingi 50 kwa hisa, na bei ya hisa ni shilingi 500. Dalali wako anatoza shilingi 5,000 kwa kila ununuzi mdogo. Je, ununue kila mwaka, au usubiri na kununua mara moja baada ya miaka miwili? Chukulia kwamba bei, gawio na ada havibadiliki. Piga hesabu kwanza, kisha ulinganishe na majibu yetu.

Gawio la mwaka wa kwanza ni shilingi 20,000, kodi ni 1,000, zinabaki 19,000. Ukinunua mara moja, ada inaondoa 5,000 na zinazobaki zinanunua hisa 28. Mwaka wa pili hisa zako 428 zinakupa shilingi 20,330 baada ya kodi. Ukitoa ada, unapata hisa 30 nyingine. Jumla una hisa 458. Ukisubiri, unakuwa na shilingi 38,000 za miaka miwili, unalipa ada mara moja, na shilingi 33,000 zinazobaki zinanunua hisa 66. Jumla una hisa 466. Sasa rudia hesabu hiyo kwa dalali anayetoza asilimia 2 bila kiwango cha chini, uone jibu linavyogeuka.